Mbolea ya Chuma kwa Mazao ya Nafaka: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Klorofili na Kulinda Mavuno

Tabaka la juu la shamba la hekta moja, lenye kina cha sentimita 15, lina uzito wa takriban tani 2,000 za udongo. Ikiwa asilimia 3 ya udongo huo ni chuma, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, mwenye shamba anatembea juu ya tani 60 za chuma. Sasa tuseme hekta hiyo hiyo imetoa tani 4 za ngano, na kila kilo ya punje ina miligramu 30 za chuma: mavuno yote yatakuwa yamebeba gramu 120 tu za chuma. Hata tukiongeza kiasi kilichomo katika mabua na majani, bado tunazungumzia kiasi kinachotosha kushikwa mkononi. Pamoja na wingi huo wote, ngano hiyo inaweza kugeuka manjano kwa kukosa chuma, kwa sababu mizizi haihesabu chuma kilichopo bali kile kinachoyeyuka.

Mwongozo huu unaanzia hapo kwa makusudi. Mtu asiyeelewa tofauti kati ya chuma kilichopo na chuma kinachopatikana hununua mbolea, huimwaga ardhini, na baada ya wiki mbili hukuta majani yangali yamepauka. Kosa lake halikuwa uvivu wala ubahili, bali alitibu udongo ambao haukupungukiwa na chuma hata kidogo.

Kwa nini jani hupauka chuma kinapopungua

Watu wengi hudhani kwamba chuma ni sehemu ya klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, lakini sivyo. Katikati ya molekuli ya klorofili kuna magnesi. Chuma ni fundi, si tofali: vimeng'enya vinavyojenga klorofili hatua kwa hatua huhitaji chuma ili vifanye kazi, na mojawapo ni kile kinachofunga duara la tano la molekuli hiyo kabla haijakamilika. Fundi akikosekana, ujenzi husimama hata kama magnesi na naitrojeni zimejaa tele.

Jambo la pili lina uzito zaidi kwa mavuno. Chuma hakiishii kwenye ujenzi wa klorofili, kwani ndicho kinachopitisha elektroni ndani ya mitambo ya usanisinuru. Fotosistemu ya kwanza, mojawapo ya mitambo hiyo, peke yake hubeba atomu 12 za chuma, na protini ya feredoksini inayopokea elektroni kutoka kwake hubeba nyingine mbili. Takriban asilimia 80 ya chuma cha jani hukaa ndani ya kloroplasti. Kwa hiyo jani lenye njaa ya chuma hupata hasara mara mbili: hunasa nuru kidogo kwa sababu klorofili ni chache, na hata nuru iliyonaswa haipati njia nzuri ya kugeuzwa kuwa sukari.

Uhusiano huu umejulikana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1840, Mfaransa Eusèbe Gris alionyesha kwamba majani yaliyopauka hurudisha ukijani yakipakwa chumvi ya chuma, na jaribio lake bado ni mojawapo ya vipimo bora ambavyo mkulima anaweza kuvifanya shambani bila maabara. Tutalirudia hapo mbele.

Kuna tabia moja ya chuma inayopaswa kukaa akilini mwa kila anayesoma mwongozo huu: kikishaingia katika jani, hakihami kwa urahisi. Naitrojeni ikipungua, mmea huinyang'anya majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga, lakini chuma hakinyang'anyiki hivyo. Jani jipya hutegemea chuma kinachofika leo kutoka mizizini, na kisipofika leo, huchomoza likiwa manjano huku majani ya chini yakibaki ya kijani. Tabia hii ndiyo inayotuwezesha kutambua ugonjwa, na ndiyo pia inayotulazimisha kurudia kupulizia.

Jinsi mizizi ya nafaka inavyotafuta chuma

Katika udongo wenye hewa, chuma hukaa katika hali ya feriki, yaani ile ile ya kutu. Kila pH (kipimo cha asidi, ambacho kikipanda asidi hupungua) inapopanda kwa kizio kimoja, uwezo wa feriki kuyeyuka hupungua takriban mara 1,000. Udongo wenye chokaa, ambao pH yake huwa kati ya 7.4 na 8.5, hufunga chuma karibu chote. Udongo wa namna hiyo ni takriban thuluthi moja ya ardhi ya dunia, hivyo tatizo hili si la watu wachache.

Mimea ya jamii ya nyasi, ambayo nafaka zote zimo, ina mbinu yake. Mizizi hutoa katika udongo vitu viitwavyo fitosiderofo, ambavyo hukikamata chuma cha feriki, hukiyeyusha, kisha hurudi nacho mzizini, ambako kuna mlango maalumu wa kupokea mzigo huo mzima mzima. Mjapani Takagi alieleza jambo hili mwaka 1976, na kitu cha kwanza cha aina hii kupewa jina kiliitwa asidi ya mugineiki, kutokana na neno la Kijapani la shayiri, mugi. Utoaji wake hupanda kwa nguvu saa chache baada ya jua kuchomoza, kisha hushuka.

Nafaka hazina uwezo sawa. Shayiri hutoa fitosiderofo nyingi zaidi, ikifuatwa na ngano. Mahindi hutoa kidogo, mtama kidogo zaidi, na mpunga kidogo kabisa. Ndiyo sababu katika kipande kimoja cha udongo wa chokaa shayiri inaweza kusimama kijani kibichi huku mtama ulio kando yake ukiwa na mistari ya manjano. Ukijua zao lako liko wapi katika mpangilio huo, utajua uwe macho kiasi gani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni chuma

Hatua hii inastahili muda kuliko nyingine zote, kwa maana umanjano una vyanzo vingi na mbolea ya chuma hutibu kimoja tu.

Angalia kwanza majani yaliyoathirika yapo wapi. Umanjano ukianzia kwenye majani ya chini na kupanda, fikiria naitrojeni ikiwa jani zima limefifia kuanzia nchani, au magnesi ikiwa kuna mistari kati ya mishipa. Ukianzia juu kwenye majani machanga, wanaobaki kushukiwa ni chuma, salfa, zinki na manganizi. Upungufu wa salfa hulifanya jani changa lipauke lote pamoja na mishipa yake. Upungufu wa zinki katika mahindi huleta utepe mpana mweupe upande wa chini wa bapa, karibu na mahali jani linapoungana na shina, huku ukingo na mshipa mkuu vikibaki kijani. Upungufu wa manganizi hufanana na wa chuma, ila mistari yake huwa hafifu na mara nyingi huambatana na madoa.

Alama ya chuma ni safi zaidi. Chukua jani changa la mahindi au mtama, liinue dhidi ya jua, ulitazame kutoka shina hadi ncha: utaona mistari myembamba ya kijani, ambayo ndiyo mishipa, ikipishana na mistari ya manjano kwa urefu wote wa bapa, kana kwamba mtu amepiga rula. Njaa ikizidi, hata mishipa hufifia, na jani jipya huchomoza likiwa jeupe kama karatasi. Shambani umanjano huo huja kwa viraka, aghalabu mahali palipo na chokaa karibu na uso, mahali udongo wa juu ulipochukuliwa na maji au kusawazishwa kwa mashine, au kwenye mabonde yanayotuama maji.

Kisha fanya jaribio la Gris. Yeyusha gramu 5 za feri salfeti, ambayo ni chumvi ya chuma, katika lita moja ya maji safi, tia matone machache ya sabuni ya maji, na kwa brashi laini paka nusu ya bapa la majani machanga kumi yenye umanjano, ukiacha nusu ya pili bila kupaka. Funga uzi kwenye kila shina ili usilipoteze. Rudi baada ya siku tatu, halafu tena baada ya siku saba. Kama ni chuma, nusu iliyopakwa itakuwa imeanza kurudi kijani na mpaka kati ya nusu mbili utaonekana wazi. Ukisahau sabuni, maji hujikusanya kuwa matone, na ukijani utarudi kwa nukta nukta, kila nukta mahali tone lilipokaukia. Nukta hizo zinafundisha kuliko maelezo marefu: chuma kimeingia pale pale kilipogusa na hakikusogea hata milimita chache. Kama hakuna mabadiliko yoyote, acha kufikiria chuma na uanze uchunguzi upya.

Hatua ya pili: pima udongo, kisha jani, na uyasome matokeo kwa uangalifu

Omba maabara ikupimie pH, kiasi cha kaboneti ya kalsiamu, na chuma kinachopatikana kwa mbinu ya DTPA, kemikali inayokamata chuma. Usiombe chuma chote kilichomo, kwa sababu ile hesabu ya tani 60 haitakusaidia kuamua lolote. Kwa mbinu ya DTPA iliyoelezwa na watafiti Lindsay na Norvell mwaka 1978, kiwango cha chini ya miligramu 2.5 kwa kila kilo ya udongo huonyesha upungufu, kati ya 2.5 na 4.5 ni mpaka wa mashaka, na zaidi ya 4.5 kwa kawaida hutosha. Viwango hivi ni mwongozo wala si hukumu, kwani mtama unaweza kuonyesha njaa mahali ambapo shayiri haionyeshi chochote.

Ukiwa mbali na maabara, mwagia bonge la udongo mkavu siki kali au asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa makali. Ukisikia na kuona povu likichemka, chokaa ipo. Siki ni dhaifu, kwa hiyo kutotoa povu hakuthibitishi kwamba chokaa haipo.

Kipimo cha jani kina mtego ambao umewapotosha hata wataalamu. Mara nyingi jani lililopauka hukutwa na chuma kingi sawa na jani la kijani, au hata zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba jani lenye njaa hudumaa, hivyo chuma kidogo kilichomo huonekana kingi kwa kila gramu, na sehemu nyingine ni kwamba chuma hukwama nje ya seli katika hali isiyotumika. Aidha, vumbi lenyewe lina chuma kingi. Jani lisilooshwa vizuri hupima vumbi badala ya mmea. Osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo mara tu unapoyakata, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, na ukiweza omba kipimo cha chuma hai, yaani chuma cha hali ya fero, ambayo si ile ya kutu, kinachotolewa kwa kemikali iitwayo fenanthrolini. Chuma hai hulingana na klorofili vizuri zaidi kuliko chuma chote. Kama kilichopo ni kipimo cha chuma chote tu, chini ya miligramu 50 kwa kilo ya jani kavu ni dalili nzito ya upungufu, lakini juu ya hapo usijione salama ikiwa macho yako yanaona mistari.

Hatua ya tatu: chagua aina ya mbolea

Feri salfeti yenye molekuli saba za maji ina takriban asilimia 20 ya chuma. Ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi na inafaa sana kwa majani. Ikiwa safi, chembe zake zina rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Ikiwa imeanza kuwa ya manjano au ya kutu, sehemu ya chuma imeshaoksidishwa na mbolea hiyo imepoteza nguvu.

Ukiimwaga feri salfeti kwa kuitawanya juu ya udongo wa chokaa, chuma chake hugeuka kutu kwa muda mfupi na kujiunga na zile tani 60. Kwa maoni yangu huo ni upotevu, na sioni sababu ya kuendelea kuupendekeza. Ikiwa ni lazima itumike ardhini, iwekwe kwa mstari karibu na mbegu, au ichanganywe na samadi iliyooza vizuri, ambayo asidi zake za kikaboni hukishikilia chuma katika hali ya kuyeyuka kwa muda mrefu zaidi. Kiasi chake hapo hufikia makumi ya kilo kwa hekta, wakati kupulizia kunahitaji kilo chache tu.

Keleti ni mbolea ambamo chuma kimekumbatiwa na molekuli ya kikaboni inayokizuia kisigeuke kutu. Uzuri wa keleti hutegemea pH ya udongo wako, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Aina tatu za keleti ni EDTA, DTPA na EDDHA. EDTA hushikilia chuma hadi pH ya takriban 6.5; juu ya hapo, kalsiamu hukisukuma chuma nje na kukalia nafasi yake. DTPA hufika takriban 7.5. EDDHA ndiyo pekee kati ya hizo tatu inayostahimili udongo wa chokaa hasa, hata pH ya 9. Mtu anayeweka keleti ya EDTA ardhini kwenye pH ya 8.2 amenunua jina tu. Kinyume chake, EDDHA huharibiwa na mwanga, kwa hiyo mahali pake ni ndani ya udongo pamoja na mbegu, si juu ya jani. Kiasi cha kila keleti kifuate kibandiko cha kopo, kwa sababu bidhaa hutofautiana kwa asilimia ya chuma.

Hatua ya nne: changanya na upulizie

Kwa mimea michanga, tumia myeyusho wa asilimia 0.5, na kwa mimea iliyokomaa kiasi unaweza kupanda hadi asilimia 1. Kwa bomba la mgongoni la lita 15, asilimia 0.5 ni gramu 75 za feri salfeti, na asilimia 1 ni gramu 150. Ukitumia lita 400 za myeyusho wa asilimia 0.5 kwa hekta, utakuwa umetumia kilo 2 za feri salfeti, ambazo ni takriban gramu 400 za chuma halisi.

Mpangilio wa kuchanganya ni muhimu. Jaza bomba nusu kwa maji safi. Tia kwanza asidi ya sitriki, gramu 15 kwa lita 15, ukoroge hadi iyeyuke, kwa sababu maji magumu ya kisima yana bikaboneti ambayo hugeuza chuma kuwa kutu hata kabla hujafika shambani. Kisha tia feri salfeti iliyopimwa kwa mizani, ukoroge, ongeza kitu cha kulowanisha kinachofaa mazao, halafu jaza maji yaliyobaki. Myeyusho mzuri huwa na rangi hafifu ya kijani au karibu kukosa rangi. Ukigeuka rangi ya chai na baadaye kutu, umwage mahali pasipo na mazao wala maji ya kunywa na uanze upya. Hautasaidia jani na utaziba pua ya bomba. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, wala usilaze myeyusho.

Usichanganye chuma na mbolea za fosfeti, kwa sababu vitaungana na kuganda kuwa matope, wala usikichanganye na dawa ya magugu ya glifoseti, ambayo hukamatana na chuma na vyote viwili kudhoofika. Urea ya asilimia 1 au chini yake inaweza kuongezwa, nayo husaidia chuma kupenya jani, alimradi iwe na kiasi kidogo tu cha biureti, uchafu wa urea unaounguza majani.

Pulizia alfajiri au jioni, wakati hakuna upepo mkali wala mvua inayokaribia, ili matone yabaki mabichi juu ya jani kwa muda mrefu. Lenga majani machanga yaliyo juu. Jaribu kwanza mita chache za mstari mmoja na usubiri siku mbili uone kama kuna kuungua nchani. Ikiwa kupo, punguza makali. Vaa glavu na nguo zisizo za thamani, kwani doa la chuma halitoki. Na hili nalisema kwa msisitizo: feri salfeti ikimezwa na mtoto inaweza kumuua, kwa hiyo isihifadhiwe kamwe katika chupa ya kinywaji wala mahali pasipofungwa.

Hatua ya tano: panga wakati, kwa sababu mavuno huamuliwa mapema

Mtu akipulizia mara moja, majani yaliyopo yatarudi kijani na majani yatakayochomoza wiki mbili baadaye yatakuwa manjano tena. Hii haimaanishi kwamba mbolea imeshindwa. Ni ile tabia ya chuma kutohama. Panga mara mbili au tatu, kwa nafasi ya siku 7 hadi 14, na usimame pale majani mapya yanapochomoza yenyewe yakiwa kijani.

Anza mara tu mistari inapoonekana, mmea ukiwa na majani matatu au manne, usisubiri shamba zima lipauke. Katika ngano na shayiri, njaa ya chuma wakati wa kuchipua hupunguza idadi ya machipukizi yatakayobeba masuke, na idadi ya punje huamuliwa zaidi katika wiki tatu au nne zinazotangulia kuchanua. Katika mahindi, idadi ya safu za punje katika gunzi hupangwa mmea ukiwa bado mdogo kabisa. Jani likiwa manjano katika vipindi hivyo, sukari inayotengenezwa haitoshi, na mmea hupunguza matarajio yake kimya kimya. Kupulizia baada ya kuchanua kunaweza kuliokoa jani la bendera, yaani jani la mwisho la juu, na kuongeza uzito wa punje zilizopo, lakini suke ambalo halikuumbwa haliwezi kurudishwa.

Hatua ya sita: pima ukijani, kisha pima mavuno

Kwa kupima klorofili bila kukata jani, kifaa kinachotumika sana ni kipimaklorofili cha kubana jani, ambacho hupitisha mwanga mwekundu wa nanomita 650 na mwanga usioonekana wa nanomita 940, kisha hulinganisha kiasi kilichopita. Pima jani changa lililokwisha kufunguka kabisa, katikati ya urefu wake, ukikwepa mshipa mkuu, na uchukue wastani wa mimea isiyopungua 20. Kwa kuwa umanjano wa chuma huja kwa mistari, usomaji mmoja mmoja hurukaruka kutegemea kama umebana mstari wa kijani au wa manjano; wastani ndio wa kuaminiwa. Pima saa ile ile ya siku kila mara.

Aliye na maabara anaweza kusaga jani bichi katika asetoni ya asilimia 80 na kusoma ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 645 na 663. Kwa fomula ya Arnon ya mwaka 1949, klorofili yote katika miligramu kwa lita ni 20.2 mara usomaji wa 645, kujumlisha 8.02 mara usomaji wa 663. Fanya kazi hiyo mahali penye mwanga hafifu, maana klorofili iliyotolewa katika jani huharibika upesi.

Sasa lije swali ambalo wengi hulikwepa: je, ukijani ulioongezeka ni mavuno yaliyoongezeka? Jibu ni ndiyo pale tu chuma kilipokuwa ndicho kizuizi, na pale kilipofika kwa wakati. Zao lenye chuma cha kutosha halitakulipa kwa kupuliziwa, hata usomaji wa kifaa ukipanda kidogo, na zao lililofungwa na uhaba wa maji au naitrojeni litarudi kijani na bado litatoa magunia yale yale.

Njia ya kujua ni kuacha mistari isiyopuliziwa. Gawa kiraka chenye umanjano katika mistari isiyopungua minane, minne ipuliziwe chuma na minne ipuliziwe maji yenye sabuni na asidi ya sitriki peke yake, ikipangwa kwa kura wala si kwa upendeleo. Kama urea imetumika, iwe katika mistari yote. Vuna katikati ya kila mstari, acha kingo, pima uzito na unyevu, na ulinganishe yote katika unyevu mmoja: toa unyevu uliopimwa katika 100, zidisha uzito kwa jibu hilo, kisha gawanya kwa 86 ili kupata uzito katika unyevu wa asilimia 14. Kilo 500 zenye unyevu wa asilimia 18, kwa mfano, ni kilo 477 tu katika unyevu wa asilimia 14. Hesabu pia masuke katika mita moja ya mraba na pima uzito wa punje 1,000, ili ujue faida imetoka wapi. Ikiwa imetoka kwenye masuke, uliwahi. Ikiwa imetoka kwenye uzito wa punje pekee, msimu ujao anza mapema zaidi.

Kurekebisha udongo, na mipaka ya kufanya hivyo

Wako wanaoshauri kushusha pH ya shamba zima kwa salfa. Tupige hesabu. Asilimia 1 tu ya chokaa katika tani 2,000 za udongo ni tani 20 za kaboneti ya kalsiamu, na kila tani moja huhitaji kilo 320 za salfa, yaani tani 6.4 za salfa kwa hekta kwa asilimia hiyo moja. Udongo wa chokaa huwa na asilimia 5, 10, hata 30. Kazi hiyo haiwezekani shambani. Kinachowezekana ni kuigusa sehemu ndogo inayozunguka mizizi: mbolea ya naitrojeni yenye amonia iwekwe kwa mstari, kwa sababu mzizi unapofyonza amonia hutoa asidi, wakati unapofyonza naitreti pH ya jirani yake hupanda.

Maji yanayotuama nayo ni adui katika udongo wa chokaa. Hewa ya kaboni inayotolewa na mizizi na vijidudu hunaswa katika udongo uliolowa, hugeuka bikaboneti, na bikaboneti huzuia chuma kutumika. Ndiyo sababu umanjano hulipuka siku chache baada ya mvua kubwa na kupungua udongo unapokauka. Mifereji ya kutoa maji wakati mwingine hutibu kile ambacho mapipa ya mbolea hayakukitibu. Fosforasi ipewe kwa kipimo, kwani ikizidi huzidisha njaa ya chuma.

Mpunga unahitaji tahadhari ya peke yake. Ukiota bila maji kusimama, katika udongo wa chokaa, huwa wa kwanza kupauka, nao huitikia vizuri kupuliziwa. Ukiota katika maji yaliyosimama kwenye udongo wenye asidi, hali hugeuka: udongo hukosa hewa, feriki hugeuka fero inayoyeyuka, na mmea unaweza kulemewa na chuma. Dalili zake ni vidoa vya kahawia vinavyoanzia nchani mwa majani ya chini na kuenea hadi jani zima kuwa la rangi ya shaba, huku jani likiwa na zaidi ya miligramu 300 za chuma kwa kilo. Hapo chuma chochote cha kuongeza ni sumu juu ya sumu. Kinachotakiwa ni kukausha shamba kwa muda, kutia chokaa, na kuhakikisha potasiamu inatosha.

Kuhusu chuma ndani ya punje, matarajio yawe ya kiasi. Kupulizia huinua mavuno kuliko kunavyoinua chuma cha punje, kwa kuwa chuma kinachogusa jani hakisafiri vizuri kwenda kwenye suke. Naitrojeni ya kutosha husaidia zaidi hapo, kwa sababu protini na chuma huelekea kuingia punjeni pamoja. Na sehemu kubwa ya chuma cha punje hukaa kwenye pumba na kiini, hivyo mchele uliokobolewa na kung'arishwa hubaki na takriban miligramu 2 tu kwa kilo.

Kabla ya kuvuna, pita shambani ukiwa na daftari na uchore ramani ya viraka vilivyopauka, ukiandika tarehe ya mvua kubwa na hatua ya mmea umanjano ulipoanza. Viraka hivyo vitarudi pale pale msimu ujao, kwani chokaa haihami. Hapo ndipo pa kupanda shayiri au aina ya zao inayostahimili, pa kuweka samadi kwa wingi, na pa kupeleka bomba kwanza, huku sehemu nyingine ya shamba ikiachwa bila chuma kwa sababu haikihitaji.